Vipande vya Pembeni

“Umeuza baba, mama! Umemuuzisha pamoja na karanga!”

“Punguza sauti. Batu banaangalia.”

“Baangalie! Karatasi nne iko wapi?”

“Nimekuambia. Niliuzisha. Karanga hazifungwi na upepo.”

“Na pembeni yake?”

“Na pembeni yake.”

Merveille akakitupa kitabu juu ya meza yangu, katikati ya karanga. Kukiita kitabu ni heshima tu. Kilikuwa kimebaki mgongo mtupu, gundi kavu na nyuzi, kama samaki aliyeliwa na watu wenye njaa. Binti yangu alikuwa na miaka kumi na mitatu na hakuwahi kunipigia kelele mbele ya watu. Asubuhi ile alinipigia kelele mbele ya soko zima la Lweba, nami nikamwachia, kwa sababu haki ilikuwa yake na uongo ulikuwa wangu.

Nieleze habari ya kitabu, la sivyo mtu atatuona wapumbavu, mama na mtoto wanagombania karatasi wakati wa vita.

Kilikuwa cha mume wangu, Anatole, fundi wa injini za boti pale Baraka, mji wa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika. Tulipokimbia Baraka, Agosti ya tisini na nane, mimi nilifunga sufuria, chumvi, dawa za malaria, nyembe na vitenge viwili. Yeye alifunga bisibisi zake na kitabu. Kitabu cha Kifaransa, kinene kama tofali, hakina jalada, kurasa za mwanzo zilishaliwa na panya, kwa hiyo hatukujua hata kinaitwaje. Kilisimulia habari za mtu mmoja mkaguzi wa taa za bandari, anayezunguka visiwa vya kwao na boti, kuwasha taa zilizozimika.

“Acha hicho,” nilimwambia. “Uzito wake ni sawa na kilo mbili za unga.”

“Nitakibeba mimi.”

“Utakula?”

“Tutasoma. Karatasi moja kila siku, mbele na nyuma. Hata kama tumelala njaa.”

Ikawa hivyo. Saa kumi za mchana, popote tulipokuwa, tulisoma. Tulisoma Fizi, kwa mama yake, mzee Godelieve, ambaye alisema kwa Kibembe kwamba mwanawe amechanganyikiwa. Vita vilipopanda Fizi tukasoma katika mashamba ya mihogo nyuma ya mji, tukiwa tumechuchumaa. Tulisoma chini ya turubai, mvua ikitupiga miguu. Siku moja tulitembea tangu alfajiri, Merveille akawa analia kwa malengelenge, na saa kumi Anatole akakaa kando ya njia, akafungua kitabu na kusoma jinsi mkaguzi alivyogombana na mpishi wake kuhusu supu ya kabichi. Mtoto akaacha kulia ili asikie supu imeishia wapi. Siku hiyo nilinyamaza. Lakini sikukubali kubeba uzito bure, na tulipoingia mwezi wa pili wa safari nikatoa sheria yangu: karatasi iliyosomwa inachanwa. Inawasha moto, au inafunga chumvi.

Anatole alikunja uso kama mtu aliyetiwa spiriti kwenye kidonda. “Sawa,” akasema, “lakini isomwe kwanza. Na hakuna mutu wa kusoma mbele.”

Ndivyo tulivyoshuka hadi Lweba, kitabu kikipungua kila kituo. Hapo Lweba nikaanza kukaanga karanga na kuziuza katika korneti, yaani karatasi unayoiviringa iwe kama pembe. Karatasi zilizosomwa zikapata kazi.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata habari ikatufikia kwamba mzee Godelieve ni mgonjwa kule Fizi na hawezi kutembea. Anatole akasema anakwenda kumchukua. Lakini kabla ya kuondoka alikaa siku mbili nzima ukutani, kitabu magotini, penseli mkononi. Turubai lilikuwa limepasuka, maji yanaingia juu ya mkeka, na mwanamume anaandika! Nilimwambia maneno. Nilimwambia kwamba penseli haizibi tundu. Hayo ndiyo karibu maneno ya mwisho aliyoyasikia kwangu, na sitayapamba.

Zilikuwa zimebaki karatasi sitini na nne. Alipoondoka alimwambia Merveille: “Mbele ya ile ya mwisho, nitakuwa nimefika.” Yaani kabla hatujaisoma.

Siku hiyo saa kumi tukafungua, na pembeni mwa karatasi, kwa penseli, tukakuta: *1 kati ya 64. Niko njiani. Ambia mama nimevaa soksi.*

Alikuwa ameandika pembeni mwa kila karatasi iliyobaki. Neno moja kwa siku. *7. Mama akiunguza karanga, kula tu, usiseme kitu.* *12. Ule mpishi wa supu atarudi, ungojee.* *23. Mukihama hapo, musisahau kamba yangu ya bluu.* Na karibu kila karatasi ilikuwa na alama ya kidole chake, nyeusi, ya grisi.

Merveille alikuwa anamjibu. Kwa sauti, kama mtu aliye chumba cha pili. “Tumekula, papa.” “Kamba iko.” Kwa karatasi kama hizo sheria yangu ilibidi iongezwe: tukishasoma, ninakata pembeni kwa wembe, taratibu, kama ninavyokata bandeji. Kipande chenye mwandiko ni cha mtoto. Kilichobaki ni cha karanga. Vipande vyake alivifunga kwa uzi wa wavu, bunda jembamba kama kiganja, na alilala nalo.

Sasa turudi sokoni.

Asubuhi ile Merveille alikuwa na kipande cha sitini, alichokisoma jana yake. Kiliandikwa hivi: *60. Merveille, umesoma vizuri. Kesho umupe mama kitabu.* Kwa hiyo asubuhi alikichukua kitabu ili aniletee kama baba alivyosema, na alipokigeuza akakuta baada ya sitini hakuna kitu. Karatasi nne za mwisho zilikuwa zimechanwa. Hazikuanguka. Zilichanwa, na ukingo ulionekana, kazi ya mtu mwenye haraka.

“Uliziuzisha kwa nani?” akauliza.

“Nitajuaje? Kwa wenye njaa.”

“Hapana,” ikasema sauti pembeni yangu. “Si kwa mimi.”

Huyo ni baba Safari. Zamani alikuwa karani wa pamba, na Kifaransa chake kilikuwa kimenyooka kama suruali yake. Alinunua korneti moja kila asubuhi, akala karanga akiwa amesimama, kisha akainyoosha karatasi juu ya paja na kusoma. Alikuwa na karatasi zetu zote tangu tufike Lweba, na alinilaumu kila siku kwa kukichana kitabu.

“Baba Safari, usiingie hapa.”

“Niko ndani tangu zamani. Mama Merveille, juzi umenipa karatasi kwa vurugu. Ule mutu wa taa alikuwa anazama, kiisha jana anakunywa supu. Kumbe supu ilikuwa ya mbele, ilitangulia! Mi ninazipanga usiku kucha. Na ninakuambia, karatasi ya mwisho haijatoka. Kama ungeipa mutu hapa sokoni, ningemununulia.”

“Umesikia?” Merveille akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kelele. “Unanidanganya. Kwa nini unanidanganya, mama? We hujawahi kudanganya mutu.”

Kweli. Nilisomea uuguzi Bukavu miaka mitatu. Nimesimama mlangoni mwa wodi mara nyingi kuwaambia watu kwamba mtu wao amekufa, na nilisema “amekufa”, sikusema “ametuacha” wala “hali imekuwa ngumu”. Wenzangu waliniita moyo wa chuma. Niliona ni afadhali mtu apigwe mara moja.

Na siku ishirini nilikuwa nimelifunga neno hilo mdomoni kama jino bovu.

Siku ya karatasi ya arobaini na moja nilikuwa ziwani, ninaosha sufuria, alipofika Anastasie, jirani wa mama mkwe wangu. Alikuwa ametoka Fizi kwa miguu, watoto wawili mgongoni na kifuani. Naye hakunizungusha kwa maneno. Alisema Anatole alifika, alimkuta mama yake hai, na usiku ule askari walipita. Nyumba ilichomwa. Asubuhi majirani waliwazika wote wawili nyuma ya jiko, kwa haraka, bila ubao wala wimbo, kisha nao wakakimbia, wakajificha porini wiki kadhaa. Akanipa bisibisi ndogo, mpini umeyeyuka. Nikamwuliza watoto wake wamekula nini. Nikawapa karanga. Nikamaliza sufuria.

Nilipofika nyumbani Merveille alikuwa amekwenda kuchota maji. Nikakichukua kitabu, nikavunja sheria, nikasoma mbele. Nikasoma vipande vyote hadi cha mwisho, nimesimama, na zile nne za mwisho nikazichana na kuzifunga katika pindo la kitenge kiunoni. Karanga niliziunguza siku hiyo. Merveille alirudi, akaonja, akacheka. “Papa aliandika!” akasema.

Tangu hapo boti ya Useni ilivuka mara tatu kwenda Kigoma, ng'ambo ya ziwa. Useni alikuwa mwenye boti, na Anatole ndiye aliyekuwa akimtengenezea injini tangu wote wawili hawajaoa. Kila safari alituwekea nafasi mbili, na kila safari nilitafuta neno: mtoto ana homa, karanga hazijakwisha, wiki ijayo. Merveille alidhani ninamngojea baba yake. Alinipenda kwa hilo. Alikuja usiku akaweka kichwa juu ya mkono wangu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu ana miaka minane, nami nikamwacha alale akiwa na furaha ya uongo.

Pale sokoni watu walianza kukusanya vitu vyao. Tangu alfajiri milio ilisikika upande wa Baraka, mbali, kama mtu anayepiga mikeka, na sasa haikuwa mbali sana. Useni akapita akikimbia kuelekea majini, dumu la mafuta begani.

“Shemeji!” akaniita. “Leo singojei giza. Nikijaza mafuta tu, ninatoka. Utakuja ao utanieleza tena habari ya homa?”

“Jaza kwanza,” nikasema.

Akatikisa kichwa, akaenda.

Merveille hakugeuka hata kumwangalia. “Papa atapita wapi kama tukienda?” akaniuliza. “Alisema mbele ya ile ya mwisho atafika. Ya mwisho hatujasoma. Bado iko na siku nne.”

Hapo ndipo nilipoelewa hesabu aliyokuwa akiifanya kichwani. Kwangu, siku zilikuwa zinakwisha. Kwake, kila karatasi ambayo haijasomwa ilikuwa ni sehemu ya njia ambayo baba yake bado anaitembea. Nilipozificha zile nne, nilikuwa nimempotezea baba njiani.

Nikafuta mikono kwa kitenge. Nikazunguka meza, nikasimama mbele yake.

“Merveille. Papa yako amekufa.”

Alinitazama kama vile nimesema kwa lugha ya watu wengine.

“Alikufa Fizi, pamoja na nyanya yako. Walizikwa nyuma ya jiko. Anastasie ndiye aliniletea habari.”

“Lini?”

“Habari nilipata siku ya arobaini na moja. Ye mwenyewe alikufa mbele ya hapo.”

Hakulia. Alichomoa bunda lake kifuani, akafungua uzi, akaanza kutafuta kwa kidole, kimoja baada ya kingine, mpaka akakipata. Akakisoma kwa sauti:

“*41. Leo ni zamu yako kuchota maji, na usiseme kichwa kinauma.*” Akakigeuza kipande. “Nilimwambia kichwa hakiniumi. Nilimwambia nimeshachota.”

“Nilisikia.”

“Alikuwa amekwisha kufa.”

“Ndiyo.”

“Na arobaini na mbili. Na arobaini na tatu. Zote nilikuwa ninamujibu, na we unanisikia, na unakata pembeni na wembe, unanipa.”

“Ndiyo.”

Ndipo akanipiga. Alinipiga kifuani kwa ngumi zote mbili, na vipande vikaanguka chini, juu ya maganda ya karanga. Sikumshika mikono. Alipochoka akakaa chini palepale na kilio kikamtoka, kile kilio cha msibani ambacho wanawake wakubwa hukilia, sikujua kwamba alikuwa ameshajifunza. Mimi nilipiga magoti kuokota vipande. Baba Safari naye alipiga magoti, na mgongo wake ule wa uzee, akaokota bila kusoma hata kimoja, macho ameyaelekeza pembeni.

“Kwa nini?” Merveille akauliza alipoweza.

Niliweka vipande nilivyookota juu ya meza.

“Kwa sababu nikikuambia, tunavuka. Na tukivuka, tunamwacha kule, siku mbili kwa mguu, hakuna aliyemulilia hata saa moja. Mi sikuweza. Nilijua la kufanya na sikuweza. Shika.”

Nikafungua pindo la kitenge. Karatasi nne zilikuwa zimelowa jasho na kukauka mara nyingi, zimekuwa laini kama kitambaa cha mtoto mchanga. Nikampa.

Akasoma ya kwanza kimyakimya, kisha akanitazama. “Imeandikwa hizi nne ni za mama.”

“Ni zangu. Ndiyo maana. Sitini na mbili na sitini na tatu usisome hapa mbele ya batu, inanihusu mimi na ye. Soma ya mwisho.”

Akaisoma. Alimaliza, kama baba yake alivyomfundisha, bila kuruka neno:

“*64. Émilienne. Kama umefika hapa na mi sijafika, unajua sababu. We ndiye unaambiaka batu mambo bila kuzunguka. Ambia mutoto. Kiisha mupande boti ya Useni. Usinitafutie sababu ya kubakia. Turubai nilitaka kulitengeneza, sikupata saa.*”

Injini ya Useni ikawaka kule majini, ikakohoa, ikazimika, ikawaka tena. Anatole angejua kasoro iko wapi kwa kusikia tu.

Nikatafuta wembe wangu chini ya meza. Nikaichukua karatasi ya sitini na nne mikononi mwa Merveille, nikailaza juu ya ubao na kukata pembeni yake, taratibu, tangu juu hadi chini.

“Baba Safari. Mwisho wa habari yako huu hapa.”

Hakuupokea. “Nyinyi hamujausoma.”

“Tumesoma kilichokuwa chetu.”

“Na ule mutu wa taa? Hamutajua kama alirudi kwake?”

Nikamtazama Merveille. Sheria ilikuwa ya baba yake, isomwe kwanza. Akafuta pua kwa mkono wa gauni.

“Ye asome,” akasema. “Mi sitaki kujua leo.”

Mzee akaipokea kwa mikono miwili, akaikunja na kuitia katika mfuko wa shati, akaufunga kifungo. Nikamsukumia sufuria na karanga zote zilizobaki. “Nawe uondoke hapa,” nikamwambia. “Usisimame kusoma. Utasoma mbele huko.”

“Naenda kwa binti yangu, kule Nundu. Kutoka hapa, korneti nitanunua kwa nani?”

“Nenda, baba.”

Karatasi tatu nilizikunja katika bunda la vipande, nikafunga uzi wa wavu, nikalitia bunda kifuani mwa mtoto. Kipande cha mwisho Merveille alinyoosha mkono akitaka kukipokea, kama desturi.

“Hapana,” nikasema. “Hiki ni changu.”

Akakubali kwa kichwa.

Tulipita nyumbani, nikafunga vitenge, dawa na ile kamba ya bluu katika mzigo mmoja, nikaubeba kichwani. Tukashuka. Watu walikuwa wamejaa majini, wengine wanaitana majina, mama mmoja ameshika kuku kwa miguu. Useni alisimama nyuma ya boti, mkono juu ya injini, akatuona, kisha akaona uso wa mtoto.

“Wangapi, shemeji?”

“Wawili,” nikasema. “Ni wawili tu.”

Mkono mmoja ulishika mzigo na mwingine ulimshika Merveille, kwa hiyo kipande nilikiweka katikati ya midomo. Kilikuwa na ladha ya chumvi na ya grisi. Tukaingia majini, magotini, kiunoni, na alipotaka kugeuka kuangalia milima ya Fizi nilimwacha ageuke, nikahesabu hadi tano, kisha nikamvuta.

Useni alimpandisha yeye kwanza. Halafu mimi.